Tundu Jeupe Mapajani

Mnaopenda hadithi za kutisha nawajua. Mmezoea makaburi, bundi, na mbwa anayebwekea kitu ambacho mtu hakioni. Hayo waachieni watoto. Hii ninayowapa leo ilitokea mchana kweupe, feni inazunguka, redio ya jirani inapiga kelele, na ilimpata binamu yangu wa damu, mtoto wa shangazi. Nikisema picha yenyewe nimeiona kwa macho yangu haya mawili, basi nimeiona. Anayebisha aje nimwoneshe studio ilipo. Picha simwoneshi.

Binamu yangu tunamwita Mkasi. Jina alilipata kazini, maana mkono wake ukikata picha za pasipoti hauhitaji rula. Mimi nilijaribu siku moja tu, nikamkata mteja sikio, nikafukuzwa kaunta.

Studio yenyewe ni vyumba viwili. Mbele kuna kaunta ya kioo na kompyuta, nyuma kuna kitambaa cheupe ukutani na kiti cha kuzunguka. Kuna kitana kilichofungwa kwa kamba ili wateja wasiondoke nacho, na koti moja jeusi ambalo nusu ya mtaa wamepigwa picha nalo. Wembamba wanabanwa kwa kibanio mgongoni, wanene wanaambiwa wasipumue. Mwenye studio ni mama mmoja mwenye sauti ya kengele, wote tunamwita Mama Studio.

Asubuhi moja ililetwa kompyuta mpya, na Mama Studio akataka picha zote za miaka ya nyuma zihamie humo. Tatizo ni kwamba picha hizo zilihifadhiwa na programu moja ya zamani, kwa fomati yake yenyewe. Kwa asiyejua, nitaeleza mara moja tu. Faili la picha ni kama nguo iliyokunjwa, na fomati ndiyo mkunjo. Mkunjo ule wa zamani uliweza kukunjuliwa na programu ileile peke yake, na waliotengeneza programu hiyo walishafunga duka wakaenda zao. Kompyuta mpya ilizitazama picha zile kama mgeni anavyotazama kufuli asilopewa ufunguo.

Kwa hiyo ilitafutwa programu ya kubadilisha. Unailisha folda nzima, inakunjua na kukunja upya, picha maelfu kwa mkupuo mmoja. Chini kabisa kuna kiboksi cha kuweka tiki: futa za zamani ukimaliza.

"Weka tiki hapo," Mama Studio alisema.

"Mama, tuangalie kwanza kama zimetoka vizuri."

"Tuangalie nini? Diski imejaa mpaka kooni. Unataka nitunze kila picha mara mbili, mimi bohari?"

"Sawa, bosi."

"Bosi yuko benki anakula kiyoyozi. Mimi ni mama yako, weka tiki."

Mkasi akaweka. Lakini kabla hajabonyeza kuanza, alifanya jambo moja. Alichukua faili lake mwenyewe, la peke yake, akalitumbukiza katika folda ya wateja.

Hapo lazima nirudi nyuma kidogo, tulieni.

Mkasi ana binti mmoja. Kwa vile hanyamazi tangu alipojua kutamka, tunamwita Chiriku. Mama yake alifariki Chiriku akiwa bado anatambaa. Homa tu, wiki moja, kwisha. Na sasa ona maajabu ya dunia: mwanamume anayepiga picha watu kutwa nzima hakuwa na picha za mkewe. Kila mara mkewe alipopita studio alimwambia, "Mama Chiriku, ngoja taa iwe nzuri, nitakupiga vizuri siku nyingine." Siku nyingine. Alimpiga mara moja tu. Mama Chiriku amekaa kwenye kiti cha kuzunguka, gauni la kijani, anacheka, amempakata mtoto.

Wiki ile ya msiba, watu wa bima ya hospitali walitaka picha ya mtoto peke yake, wamtoe kwenye kadi ya marehemu mama yake, wamhamishie kwa baba. Chiriku alikuwa kwa bibi yake, mbali. Mkasi, macho mekundu, hajalala, akafungua ile picha, akamzungushia mtoto alama, atoe nakala. Badala ya kunakili, akakata. Akambandika mtoto kwenye karatasi nyeupe, akachapisha, na alipoulizwa kama ahifadhi mabadiliko akabonyeza ndiyo. Kesho yake alipofungua alimkuta mkewe bado anacheka, mikono imezunguka, na mapajani pana tundu. Jeupe. Lina umbo la mtoto.

Kumrudisha mtoto ilikuwa kazi ya dakika tu. Hakuweza. Akalifunga, na aibu yake akaifungia humohumo.

Sasa Chiriku alikuwa ameanza darasa la kwanza. Mwalimu akawaambia wachore watu wa nyumbani. Chiriku alichora baba, akachora mwanamke mwenye gauni na nywele, na usoni hakuweka kitu.

"Baba," alimuuliza asubuhi hiyohiyo ya kompyuta mpya, mdomo umejaa mkate, "mama alikuwa na pua ya nani?"

"Yake mwenyewe."

"Ilikuwaje sasa? Kama ya shangazi, ile ya kitumbua?"

Mkasi alicheka mpaka akatoka nje. Huko nje hakuwa anacheka tena. Akaapa kuwa jioni hiyo mtoto ataona pua ya mama yake.

Ndiyo maana faili lile likaingia kwenye mkupuo. Akabonyeza. Kompyuta ikavuma kutwa nzima. Saa ya kufunga ilipokaribia ikaandika: kazi imekamilika, faili za zamani zimefutwa.

Akafungua ya kwake kabla ya zote.

Kitambaa cheupe kilikuwepo. Kiti kilikuwepo. Kivuli cha mtu kilikuwepo ukutani, kimeinamisha kichwa.

Mtu hakuwepo.

Alifungua tena na tena. Akatafuta kwenye pipa la taka la kompyuta, akatafuta kwenye diski ya zamani. Kulikuwa kweupe pee. Mama Studio alimkuta amelaza paji la uso kwenye kaunta, akadhani amesinzia, akamgonga na fagio. Alipoona uso wake akaliweka fagio chini.

Jioni Chiriku aliuliza, "Umeleta pua?"

"Kesho," alisema Mkasi.

Wateja walianza kuja wiki hiyohiyo. Wa kwanza alikuwa dereva wa lori, mtu wa mikono kama makasia, aliyetaka achapishiwe upya picha ya uchanga ya mwanawe. Alipopewa aliishika akaisogeza karibu na macho.

"Fundi, huyu mwanamke uliyemweka nyuma ya mwanangu ni nani?"

"Mwanamke gani?"

"Mimi ndiye ninayekuuliza. Siku hiyo nilikuja mimi na mtoto tu."

Mkasi akatazama. Nyuma ya mtoto alisimama mwanamke, ameinama, uso umeangalia upande wa mtoto usionekane. Gauni la kijani. Mikono ameizungusha kama mtu aliyepakata. Na katikati ya mikono pana tundu jeupe, lina umbo la mtoto.

Dereva alitaka kukasirika. Alipoona fundi mwenyewe anatafuta pa kukaa, akaiacha picha kaunta akaondoka bila kuichukua.

Mkasi akafungua folda nzima. Akaanza picha za mwaka ule wa msiba, akaja nazo mbele, moja baada ya nyingine. Harusi, hayumo. Wazee wa kitambulisho, hayumo. Penye mtoto mchanga, yumo. Ameinama. Picha inayofuata, mtoto mwingine, ameinama tena. Ukizipitisha haraka unamwona anavyotembea. Anafika kwa mtoto, anamtazama usoni, anaacha. Anafika kwa mwingine. Anaacha.

Na katika kila picha mtoto ameinua macho kumtazama yeye.

"Anamtafuta," Mkasi alinong'ona.

Mama Studio alikuwa amesimama nyuma yake. Sauti ya kengele haikuwepo. "Nani?"

"Mama Chiriku. Nilimkata mtoto mikononi mwake. Alikuwa ametulia mle ndani na mkunjo wake wa zamani. Mimi nikaukunjua."

Walipofika kwenye picha za mwaka jana waligundua kitu kingine. Mama Chiriku alikuwa haangalii tena wachanga. Aliwapita. Alikuwa ameinamia watoto wa umri wa kwenda shule.

Alijua kuwa mtoto anakua.

Siku iliyofuata alikuja mama mmoja na binti yake kupiga picha ya fomu ya shule. Kamera mpya, kadi mpya, hakuna faili la zamani hata moja humo. Mkasi akapiga. Akatazama kioo cha kamera. Ukingoni kabisa, kushoto, pameingia kipande cha gauni la kijani, na vidole. Vidole vilikuwa vimefika begani kwa mtoto.

"Mbona pamekuwa na baridi?" yule binti aliuliza.

Mkasi aliwarudishia hela yao.

Na Ijumaa ndiyo ilikuwa zamu ya studio kwenda shuleni kupiga picha ya darasa la kwanza. Kila mwaka kazi hiyo ni yao. Chiriku angekuwa mstari wa mbele, kwa vile ni mfupi. Mkasi alimwambia abaki nyumbani siku hiyo. Mtoto alilia mpaka akapaliwa. Wenzake wote watakuwa na picha, yeye peke yake hatakuwemo, kwa nini, amekosa nini? Na hata akibaki, Mkasi alijiuliza, itakuwa mpaka lini? Siku hizi kila mtu ana kamera mfukoni.

Alhamisi mchana alifunga mlango wa studio akawasha ile kompyuta ya zamani. Folda ndogo ya picha za bima haikuingia kwenye mkupuo, ilikuwa bado haijabadilishwa. Alitafuta mpaka akaipata: Chiriku mchanga, juu ya karatasi nyeupe, amenyoosha mikono kwa mtu ambaye amekatwa.

Mama Studio akamshika mkono.

"Usimpe."

"Nisipompa atamchukua mwenyewe."

"Na ukimpa?"

"Nampa wa kwenye picha, Mama. Alikuwa wake. Nilimwibia."

"Picha na mtu ni vitu viwili?" Mama Studio alinong'ona. "Una hakika, wewe?"

Mkasi akauchomoa mkono wake. Akaliingiza faili lile moja kwenye programu, akaielekeza kwenye folda yenye picha ya kiti kitupu, akabonyeza.

Feni ikasimama. Redio ya jirani ikasimama. Taa hazikuzimika. Kwenye chumba cha nyuma kiti cha kuzunguka kikalia, polepole, kama kinavyolia mtu akikaa. Kikatulia.

Kompyuta ikaandika: kazi imekamilika.

Akafungua. Walikuwepo wote wawili. Mtoto mapajani, tundu hakuna. Ila Mama Chiriku hakuwa anacheka kama zamani. Alikuwa ametazama mbele moja kwa moja, kope zimevimba, nywele zina vumbi, midomo imekauka. Uso wa mtu aliyetembea mwendo mrefu sana kwa miguu akafika. Mkasi alikaa mbele ya uso ule akalia kwa sauti, mwanamume mzima, hakujizuia, na Mama Studio hakumgonga na fagio.

Wakakagua folda. Picha za wateja zote safi. Mwanawe dereva yuko peke yake.

Jioni hiyo Chiriku alipewa picha mkononi. Akapitisha kidole puani kwa mama yake, akapitisha kwenye pua yake mwenyewe.

"Kumbe ni hii hii," alisema.

Mngeniuliza mimi, hadithi ingeishia hapo. Ningeifunga vizuri, mngelia kidogo, mngekwenda zenu. Hainitegemei mimi.

Ijumaa Mkasi alipiga darasa la kwanza. Alipoangalia kupitia kitundu cha kamera alimwona binti yake mstari wa mbele, anatafuna kola. Akabonyeza. Akatazama kioo. Katika mstari wa mbele pamebaki pengo. Mtoto wa kushoto ameinama kunong'oneza hewa. Wa kulia ameshikana mkono na hewa. Alipiga tena. Akabadilisha lenzi, akabadilisha kadi, akaazima simu ya mwalimu. Pengo.

Tangu siku hiyo Chiriku haonekani kwenye picha yoyote. Mimi mwenyewe nimejaribu na simu yangu, na simu yangu si ya mchezo. Nilipata ukuta.

Yuko kwenye ile moja tu.

Na humo anakua. Mwanzoni Mkasi alidhani macho yake yamechoka. Mtoto mapajani amevaa viatu, na zamani alikuwa peku. Baadaye amevaa sweta la shule. Chiriku aling'oka jino la mbele asubuhi moja, akiwa anauma muwa. Mchana Mkasi alipofungua kompyuta, mtoto wa kwenye picha alikuwa na pengo palepale, na Mama Chiriku amefumba kiganja kama mtu aliyeshika kitu kidogo. Miguu ya mtoto sasa inafika chini. Mama yake amembana vizuri asiteleze.

Kidole cha Mkasi kimeshakaa juu ya neno futa, mara nyingi. Akifuta, anamfuta nani? Hakuna anayejua, na mtu wa kumuuliza yumo humo ndani.

Kilichonifanya niandike haya ni nywele. Mkasi hajui kusuka, kwa hiyo siku zote alimnyoa mwanawe kwa mashine. Mwaka huu Chiriku alikataa, akaziacha ziote. Asubuhi moja alikuja kunywa chai, upande mmoja wa kichwa umesukwa. Mistari myembamba, imenyooka, ya mkono wa mtu anayejua.

"Nani amekusuka?"

"Mama."

Mkasi aliweka kikombe chini. "Twende kwa dada wa saluni amalizie upande huu."

"Hapana. Mama amesema asiniguse mtu. Atamalizia mwenyewe."

"Halafu?"

"Halafu tunaondoka."

Aliisema kama anavyosema tunakwenda dukani. Mkasi alichukua mashine ya kunyolea, akaiwasha, akamshika kichwa. Chiriku akapiga ukelele hata majirani wakatoka nje.

"Baba, acha! Utamkata vidole!"

Akaizima. Tangu siku hiyo kila mchana anamkalisha mtoto mbele ya miguu yake, anafumua mistari yote kwa kitana, mmoja mmoja. Kila asubuhi yote imerudi, na umeongezeka mmoja. Juzi nilimkuta ameinamia kompyuta, mdomo karibu ugusane na kioo. Alidhani yuko peke yake.

"Polepole, Mama Chiriku," alikuwa ananong'ona. "Msuke polepole. Mimi ninaye kwa muda mfupi tu. Wewe utakuwa naye siku zote."

Nilitoka kimyakimya, mimi ninayejifanya simwogopi mtu.

Jumapili asubuhi nilikwenda tena. Chiriku akanikimbilia, anacheka, anasema maneno mia bila kuvuta pumzi, nikamshika kichwa bila kufikiri. Mistari imekizunguka kichwa chote. Kimebaki kiduara kidogo kisichosukwa nyuma ya sikio, hakizidi upana wa kidole gumba.

Nilipotoa mkono ulikuwa unateleza kwa mafuta ya nywele, yale ya kunukia. Nyumbani kwa Mkasi hakuna mafuta ya nywele. Nimeuosha kwa sabuni ya unga, nimeuosha kwa mchanga. Hata sasa ninapoandika, karatasi inashika madoa.